Akili ya Gari kwenye Barabara ya Kariandusi

Kariandusi, mahali palipo upande wa mashariki wa Bonde la Ufa kati ya mji wa Gilgil na Ziwa Elementaita, panajulikana kwa wasomi kwa sababu ya mashoka ya mkono ya mawe ambayo Louis Leakey na wenzake waliyapata kuanzia mwaka 1928, na wasafiri wengi wanaokata kona kuingia hapo hufuata mashoka hayo. Jirani yake yapo machimbo ya dayatomaiti, yaani udongo mweupe na mwepesi uliotokana na maganda ya viumbe wadogo wa ziwa la kale. Kinachojadiliwa hapa si mashoka wala udongo, bali ni barabara kuu inayopita karibu, iliyoitwa A104 kwa miaka mingi na ambayo sasa imepewa namba A8, na namna magari yanayoitumia yalivyopata uwezo wa kupima, kukumbuka na kutoa taarifa, kazi ambazo zamani zilikuwa za dereva, tanboi na fundi.

Historia hiyo haikufuata mkondo ulioonekana Marekani, Ulaya au Japani. Huko kompyuta iliingia kwanza ndani ya injini ili kupunguza moshi, ikaenda kwenye breki ili kuokoa maisha, kisha ikahamia kwenye redio, ramani na viti ili kumstarehesha mwenye gari. Kwenye barabara ya Kariandusi teknolojia ya kidijitali, ambayo hugeuza mwendo, joto, shinikizo na mahali kuwa tarakimu zinazoweza kusomwa na kutumwa na kompyuta, ilipitia milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa magari yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo yalibeba kompyuta zake kimya kimya bila mnunuzi kuziomba. Wa pili ulikuwa vifaa vilivyofungwa juu ya gari baada ya kufika nchini, kwa amri ya serikali, ya mwenye gari au ya idara ya forodha, na lengo lake lilikuwa kumsimamia dereva kuliko kumsaidia. Mlango huo wa pili ndio unaoeleza zaidi barabara hii ilivyo leo.

Kabla ya milango hiyo kufunguka, akili ya safari ilikaa kichwani mwa mtu. Lionel Galton-Fenzi, aliyeanzisha chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki mwaka 1919, alihitaji kuendesha gari lake kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926 ili kuthibitisha tu kwamba njia ilipitika, na barabara iliyoteremka ukuta wa bonde kuelekea Mai Mahiu na Naivasha ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia katika miaka ya 1940, ambao kanisa lao dogo bado limesimama kando yake. Magari ya wakati huo hayakujua chochote kuhusu mazingira yake. Upungufu huo ulionekana zaidi katika kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kwa kutegemea mvuto wa hewa inayoingia kwenye injini, kwa kuwa hewa ya Mombasa si hewa ya Nakuru. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo shinikizo la hewa limepungua kwa takriban sehemu moja ya tano, na barabara inapoendelea kupanda hadi Timboroa, panapopita mita 2,700, upungufu huo hufikia zaidi ya robo. Kabureta iliyopangwa pwani iliendelea kumimina petroli ileile katika hewa iliyozidi kuwa nyembamba, injini ikatoa moshi mweusi na kukosa nguvu, mpaka fundi abadilishe jeti, vile vitundu vya shaba vinavyopimia petroli, au apunguze mafuta kwa kuzungusha skrubu huku akisikiliza mlio.

Kusikiliza huko kulikuwa elimu kamili. Fundi wa Nakuru wa miaka ya 1960 na 1970 aliyezoea Peugeot 404 na 504, magari yaliyobeba abiria wa masafa marefu kwa kizazi kizima, aliweza kutambua kwa sikio kama pointi, yaani vidude vya chuma vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, zimeachana kupita kiasi, na aliisoma rangi ya plagi kama daktari anavyosoma ulimi wa mgonjwa. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliipa elimu hiyo hadhi mbele ya dunia, kwa sababu magari yaliyoshinda katika miongo ya mwanzo hayakuwa mbali na yale yaliyouzwa madukani: Nick Nowicki alishinda kwa Peugeot 404 mwaka 1963 na tena mwaka 1968, na kati ya ushindi huo wa mara mbili Bert Shankland wa Tanzania alilitwaa taji mara mbili kwa gari la aina hiyohiyo. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla hajawa bingwa, na si ajabu kwamba ustadi wa kulihurumia gari ulihesabiwa kuwa sawa na ustadi wa kulikimbiza.

Hata mawasiliano kati ya gari na gari, ambayo watengenezaji wa leo huyatangaza kama ugunduzi, yalikuwapo barabarani bila waya wala mnara. Dereva aliyekuwa amevipita vizuizi vya polisi aliwasha na kuzima taa kwa wanaokuja, na lori lililoharibika liliwekewa matawi ya miti barabarani nyuma na mbele yake ili anayefuata apunguze mwendo, ingawa sheria ilidai pembetatu zinazong'aa. Mfumo huo ulikuwa na kasoro moja kubwa, kwamba lori liliondoka na matawi yakabaki. Hata hivyo ulikuwa mfumo wa madereva wenyewe, na taarifa zake hazikwenda kwa mtu mwingine yeyote.

Wakati huo mabadiliko yalikuwa yameanza mbali. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta sokoni, kupitia Volkswagen 1600 iliyopelekwa Marekani, mfumo wa kunyunyiza petroli unaoongozwa na kisanduku cha elektroniki, na sababu kuu ilikuwa sheria za California dhidi ya hewa chafu. Mwaka 1976 Volvo ilianza kuuza huko magari yenye sensa ya oksijeni, kipimo kidogo kilichochomekwa kwenye ekzosi ili kionje moshi na kuiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Mwaka 1986 Bosch ikatangaza njia ya kuziunganisha kompyuta zote za gari kwenye jozi moja ya nyaya, ili breki, injini na gia zisikilizane, na kuanzia mwaka 1996 kila gari jipya dogo nchini Marekani lilitakiwa liwe na soketi ya kawaida ambapo fundi yeyote angeweza kuchomeka chombo na kusoma makosa yaliyohifadhiwa. Kiini cha kompyuta hizo ni silikoni, elementi ambayo ndiyo msingi wa maganda ya dayatomaiti ya Kariandusi na wa jiwe jeusi la obsidiani lililochongewa baadhi ya mashoka ya hapo. Dayatomaiti ya hapo, hata hivyo, hutumika kuchujia vimiminika na haina uhusiano na viwanda vya kompyuta.

Matunda ya kazi hiyo yaliingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipolegeza masharti ya fedha za kigeni na uagizaji, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kuchukua nafasi ya yale yaliyounganishwa nchini. Tatizo la milima lilitoweka bila kutangazwa, kwa kuwa kompyuta ya injini ilipima shinikizo la hewa na kupunguza petroli yenyewe gari lilipopanda kutoka pwani hadi Mau. Lakini tatizo jingine lilizaliwa. Petroli iliyouzwa Kenya bado ilikuwa na risasi, madini yanayoongezwa ili injini isigonge, na risasi huiua sensa ya oksijeni na kuliziba kabisa lile sega la kusafishia moshi lililo ndani ya ekzosi. Gari lililotengenezwa kuwa safi na lenye hisia liligeuka kuwa kipofu kwenye barabara ya Nakuru, likanywa petroli zaidi ya lilivyopaswa, na mafundi, ambao hawakuwa na sababu ya kukiheshimu kifaa kilichoziba, wakaling'oa sega na kuunganisha bomba tupu. Tatizo hilo halikumalizwa gereji. Lilimalizwa na makubaliano ya nchi za Kusini mwa Sahara yaliyofikiwa Dakar mwaka 2001, ambayo yaliondoa petroli yenye risasi kufikia mwisho wa mwaka 2005, na kuanzia hapo ndipo kompyuta ya gari ilipata mafuta iliyoandaliwa kuyatumia.

Sheria ya umri, inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka minane, ilifanya teknolojia ifike kwa ratiba yake maalumu, kwani kile kilichokuwa kipya Japani kilionekana Gilgil karibu miaka minane baadaye. Kilifika pia na lugha yake. Redio za Japani husikiliza masafa yanayoanzia megahezi 76 na kuishia 90 au zaidi kidogo, hivyo stesheni nyingi za Kenya hazikusikika mpaka kifungwe kifaa kidogo cha kuyahamisha masafa, na maelfu ya madereva wamezoea kuwasha gari asubuhi na kulakiwa na sauti ya mwanamke inayowakumbusha kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Gari lilikuwa na akili, lakini akili hiyo ilikuwa ya mahali pengine.

Kwa mafundi mabadiliko yalikuwa makali zaidi. Taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, sikio halikutosha tena, na ukazuka mgawanyiko ambao haukuwapo zama za kabureta: upande mmoja fundi wa jua kali anayejua kufungua na kufunga injini, upande mwingine kijana mwenye kompyuta ndogo ambaye huitwa kuskani gari, yaani kusoma namba za makosa, akalipwa kabla hajashika spana. Namba hizo zilileta uelewa na vilevile udanganyifu wa aina mpya, kwa sababu namba hutaja mahali dalili ilipoonekana na si lazima itaje chanzo, na wengi wamebadilishiwa sensa nzima nzima wakati kilichoharibika ni waya uliogugunwa na panya.

Mlango wa pili ulifunguliwa na serikali. Kanuni zilizotolewa na waziri wa uchukuzi John Michuki mwaka 2003, na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ziliamuru matatu, mabasi na magari mazito ya biashara yafungwe spidi gavana, kifaa kinachokata mafuta au kubana hewa ya injini pindi gari linapofikia kilomita 80 kwa saa, pamoja na mikanda ya usalama na mstari wa manjano kwa matatu. Hicho kilikuwa, kwa abiria wengi wa njia ya Nakuru, kifaa cha kwanza cha elektroniki walichokijua kwa jina na kukijadili ndani ya gari. Kilikuwa pia cha kwanza kupingwa kwa ufundi uleule uliokifunga, kwa maana swichi iliyofichwa chini ya dashibodi iliweza kukizima, na sumaku au waya wa pembeni viliweza kukidanganya. Kasoro ya gavana za mwanzo ilikuwa kwamba zilijua kuzuia bila kukumbuka, na afisa aliyelisimamisha gari hakuwa na njia rahisi ya kujua lilikwenda kasi gani dakika kumi zilizopita.

Kumbukumbu ilipatikana kwa kuunganishwa kwa mambo mawili yaliyotokea mwaka 2000. Mwezi Mei mwaka huo Marekani iliacha kuzivuruga kwa makusudi ishara za GPS, mfumo wa setilaiti unaoonyesha mahali kifaa kilipo, na kosa la makumi ya mita likapungua hadi mita chache. Katika mwaka huohuo kampuni za simu za mkononi zilianza kutandaza minara Kenya. Setilaiti ikaliambia gari liko wapi, mnara ukampelekea taarifa hiyo mtu aliyekaa Nairobi au Mombasa. Kifaa hicho, ambacho madereva hukiita traka, kilikuja kuwa sharti la benki, bima na watoa mikopo, na kwa mwenye malori kilikuwa jicho lisilolala. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ilitunga kanuni mwaka 2014, baada ya kipindi cha kupigwa marufuku kwa mabasi ya usiku, zilizowataka wenye mabasi wanaosafiri usiku wawe na mfumo wa kurekodi mwendo na mahali pa gari, na gavana za vizazi vilivyofuata zikatakiwa zihifadhi kumbukumbu na kuzituma.

Forodha ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo inayopita nchini kwenda nje, ambapo mlango wa kontena hufungwa kwa lakiri ya elektroniki inayotuma mahali ilipo tangu bandarini hadi mpakani na kupiga kelele kwenye chumba cha usimamizi ikikatwa au lori likiacha njia iliyoidhinishwa. Trela linalopita Kariandusi kuelekea mpaka wa Malaba kwa hiyo hubeba akili mbili zisizohusiana, ile ya injini na ile ya mzigo, na mara nyingi ya tatu iliyo ndani ya tangi, kipimo kinachomwonyesha tajiri kama dizeli imenyonywa dereva alipolala kwenye kituo cha malori cha Salgaa. Likifika mizani ya Gilgil hupimwa uzito kwa kila ekseli, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayoweka kikomo cha tani 56 kwa magari yenye ekseli saba, na matokeo huingia kwenye kompyuta ya mamlaka ya barabara. Ni vigumu kulitaja gari jingine lolote nchini linalosimuliwa kwa ukamilifu kiasi hicho, huku anayeliendesha akiwa wa mwisho kuusoma usimulizi huo.

Swali la kama usimulizi huo umeokoa maisha lina uzito maalumu katika sehemu hii ya bonde. Mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan, Migaa na Salgaa umekuwa na sifa mbaya kwa miongo; huko Sachangwan lori la petroli lilipopinduka Januari 2009 watu zaidi ya 100 waliungua walipokuwa wakichota mafuta, na Migaa basi na trela vilipogongana alfajiri ya Desemba 31, 2017, watu 36 walikufa. Baina ya ajali hizo, Desemba 2016, lori lililobeba kemikali inayowaka liligonga magari Karai, karibu na Naivasha, na watu wapatao 40 wakafa. Moja ya sababu zilizotajwa mara kwa mara kwenye mteremko huo ni desturi ya kuteremka kwa nyutro, yaani kuitoa gia ili lori lijikimbilie lenyewe na dizeli iliyookolewa iuzwe. Traka iliona mwendo ukipanda, lakini iliuona kutoka mbali, na breki zilizoshika moto hazipozwi na ujumbe. Kilichosaidia hapo kilikuwa zege zaidi kuliko kompyuta, pale njia za kupanda na kushuka zilipotenganishwa kwa ukuta.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba malori mapya ya Ulaya yameichukua desturi hiyohiyo na kuifanya kazi ya kompyuta: kwa kutumia ramani na GPS, lori hujua mteremko ulio mbele, hutoa gia lenyewe mahali penye mwinamo mdogo, na huirudisha mara mwendo unapozidi. Kwenye mteremko mkali halithubutu, kwani injini inayoongozwa kwa elektroniki, ikiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye akselereta, hukata mafuta kabisa na wakati huohuo hulizuia gari. Dereva wa Salgaa hakukosea kwamba mteremko una faida. Alikosa kipimo, na mshahara usiomlazimu kuiuza faida hiyo.

Uzuri wa teknolojia hiyo ulirudi kuonekana bondeni mwaka 2021, mashindano ya Safari yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, makao yake yakiwa Naivasha na baadhi ya hatua zake zikipita Soysambu, Elementaita na chini ya kilima kinachoitwa Sleeping Warrior, ng'ambo ya ziwa ukiwa Kariandusi. Kati ya 2022 na 2024 magari ya daraja la juu yalikuwa na mota ya umeme ya kilowati 100 kando ya injini, na kompyuta iliyokadiria ni lini nguvu hiyo itolewe. Hata hivyo vumbi laini la bonde na maji ya ghafla yaliyalazimu yafungwe bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa juu, dawa ileile iliyotumika zamani.

Kuhusu mmiliki wa taarifa zote hizi, Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, inayompa mtu haki ya kujua nini kimekusanywa kumhusu na kwa madhumuni gani. Kwa dereva aliyeajiriwa, ambaye mwendo wake, mapumziko yake na hata kituo alichonunulia chai vimeandikwa na traka ya tajiri, haki hiyo ni ngumu kudaiwa bila kuiweka kazi rehani, na vyama vya madereva bado huzungumzia zaidi mishahara na maegesho kuliko kumbukumbu.

Wimbi linalofuata limekwisha kuingia. Subaru, gari linalopendwa sana na vijana wa Nakuru kutokana na ushindi wa Safari wa Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, ilianza kuuza Japani mwaka 2008 mfumo wa kamera mbili zilizowekwa nyuma ya kioo cha mbele, zinazopima umbali wa gari lililo mbele na kushika breki zenyewe dereva akichelewa, na Japani imeamuru breki za aina hiyo kwa magari mapya ya aina mpya kuanzia Novemba 2021. Kwa sheria ya miaka minane, mwaka 2028 magari ya mwaka huo wa 2021 ndiyo yatakuwa kongwe zaidi miongoni mwa yanayoruhusiwa kuingia. Kokoto zinazorushwa na matrela kati ya Gilgil na Nakuru huvunja vioo vya mbele kila siku, na kamera iliyotolewa kisha ikarudishwa kwenye kioo kipya huhitaji kupangwa upya kwa ubao maalumu, sakafu iliyo sawa na kompyuta inayoijua lugha yake. Kuipotosha kwa digrii moja kunatosha kulifanya gari lisome vibaya umbali wa lililo mbele yake. Kazi hiyo ndiyo itakayoangukia gereji za Nakuru, ambako kioo bado huwekwa kwa gundi, mikono miwili na macho.